Tadbiri ya Moshi katika Injini Zibanazo Mafuta

Mwenye gari hutaka mambo mawili, na aghalabu huyataka kwa pumzi moja: gari lake lile mafuta kidogo, na moshi wake usimdhuru mtu. Hudhani ya kuwa mambo hayo ni ndugu wa tumbo moja, kwa sababu akili humwambia kuwa achomaye kidogo huchafua kidogo. Kwa habari ya hewa ya ukaa, ambayo hutoka kwa kadiri ya mafuta yaliyoungua, dhana hiyo ni sahihi. Walakini kwa habari ya sumu ziwashazo macho na kubana vifua vya watoto wa mijini, moto una tabia yake, na tabia hiyo haifuati matamanio yetu. Injini iliyofunzwa kubana mafuta yaweza kutoa moshi ulio mgumu zaidi kusafishwa kuliko moshi wa injini yenye israfu. Katika sura hii nakusudia kueleza kwa nini ni hivyo, na ni kwa tadbiri gani wahandisi wa mataifa mbalimbali wamejaribu, kwa muda wa nusu karne, kuwasuluhisha mahasimu hao wawili; na msomaji ataona, natumaini, kwamba usafi wa moshi haupatikani kwa kufunga chombo chini ya gari na kukisahau, bali kwa usimamizi wa kila sekunde, na usimamizi huo huvunjika mara tu mmoja wa wale waliopewa amana yake, awe mtengenezaji wa gari, muuzaji wa mafuta au fundi wa gereji, anapoamua kufanya hiana.

Tuanze na mizani ya moto wenyewe. Kilo moja ya petroli, ili iungue yote pasibaki mafuta wala oksijeni, huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Hewa ikipungua chini ya kiasi hicho, sehemu ya mafuta hukosa oksijeni ya kuungana nayo, na bomba hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu imuuayo mtu aliyelala katika chumba kilichofungwa, pamoja na hidrokaboni, ambazo ni mafuta yasiyoungua au yaliyoungua nusu. Hewa ikizidi kidogo na moto ukawa mkali, huzuka sumu ya tatu: naitrojeni, iliyo karibu sehemu nne katika kila tano za hewa tuivutayo, na ambayo kwa kawaida hukaa pasipo kujihusisha na lolote, hushurutishwa na joto la silinda kuungana na oksijeni, zikazaliwa oksidi za naitrojeni. Sumu mbili za kwanza ni matokeo ya moto uliopungukiwa, na ya tatu ni matokeo ya moto uliofaulu mno. Na hapo ndipo ilipo shida yote, maana dawa ya hizo mbili ni kuzipa oksijeni, na dawa ya hii ya tatu ni kuinyang'anya.

Sasa tuutazame uchumi. Injini ya kawaida ya petroli hupunguziwa nguvu kwa kufungiwa mlango wa hewa, hivyo dereva anapokwenda polepole mjini pistoni zake hushinda zikivuta hewa kupitia upenyo mwembamba, na kazi hiyo ya kuvuta hula mafuta pasipo kulisogeza gari hata shubiri moja. Lau mlango huo ungeachwa wazi, hewa ikaingia kwa wingi na mafuta peke yake ndiyo yakapimwa, hasara hiyo ingeondoka. Fauka ya hayo, gesi iliyo na hewa nyingi huwa na joto la wastani, hupoteza joto dogo katika kuta za silinda, na hutanuka kwa faida kubwa zaidi. Hiyo ni mojawapo ya siri za dizeli, na ndiyo siri ya injini za petroli ziendazo kwa mchanganyiko mwepesi, yaani hewa nyingi kwa mafuta machache. Lakini moshi wa injini kama hizo hutoka ukiwa na oksijeni ya ziada, na humo ndani ya bomba kaboni monoksidi na hidrokaboni, ambazo zingeweza kuzivua oksidi za naitrojeni oksijeni yake, huikuta oksijeni huru imejaa tele, nazo huichukua hiyo iliyo rahisi. Sumu ya tatu hupita salama salimini hadi barabarani.

Mji uliowalazimisha watu kuyafikiri mambo haya ni Los Angeles. Katika miaka ya 1940 wakazi wake walianza kuona ukungu wa rangi ya hudhurungi ulioziba jua na kuwatoa machozi, nao wakavishuku viwanda, mpaka Arie Haagen-Smit, mwanakemia Mholanzi wa chuo cha Caltech aliyekuwa akichunguza harufu ya nanasi, alipoigeuzia elimu yake hewa ya mji na kuonyesha, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwamba hidrokaboni na oksidi za naitrojeni zikipigwa na jua huzaa ozoni, na kwamba magari ni miongoni mwa asili kubwa za gesi hizo. Eugene Houdry, mhandisi Mfaransa aliyehamia Marekani, alibuni katika muongo huohuo kifaa cha kusafisha moshi kwa kichocheo, ila kazi yake ilikwamishwa na risasi iliyotiwa katika petroli ya siku zile, kwani risasi huganda juu ya madini ya kichocheo na kuyafunika yasiweze kufanya lolote. Ilipotungwa Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya mwaka 1970, iliyowataka watengenezaji wapunguze sumu kwa asilimia 90, mlango wa kukwepa ulifungwa: magari mengi ya Marekani ya mwaka 1975 yalitoka kiwandani na vichocheo, na petroli isiyo na risasi ikauzwa kwa ajili yake. Nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara zilingoja muda mrefu zaidi. Azimio la Dakar lilipitishwa mwaka 2001, na risasi ikaondoka katika petroli yetu ilipoingia Januari 2006. Kabla ya hapo, gari lililoshushwa Mombasa au Dar es Salaam na kichocheo kizima liliharibiwa kichocheo hicho kila lilipojazwa petroli yenye risasi, na mwenyewe hakuwa na habari.

Vichocheo vya kwanza vilikuwa na kazi moja, kumalizia kuunguza kilichokosa kuungua, na oksidi za naitrojeni viliziacha zipite. Ndipo John Mooney na Carl Keith wa kampuni ya Engelhard, pamoja na wenzao, walipopata kichocheo kiwezacho kuzishughulikia sumu zote tatu kwa wakati mmoja: kauri yenye vijitundu vingi vilivyopangika, ambayo mafundi wetu huiita masega, ikapakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Sharti lake lilikuwa zito. Masega hayo hufanya kazi zote tatu pale tu mchanganyiko unapokaa katika ile mizani ya 14.7, na nafasi ya kupotoka ni ndogo mno; ukiegemea upande wa hewa, oksidi za naitrojeni hupita, ukiegemea upande wa mafuta, zile nyingine mbili hupita. Kabureta, hata iwe imetengenezwa kwa ustadi namna gani, haikuweza kulitimiza sharti hilo kwa dereva apandaye kilima, ashukaye bondeni, afungaye breki na kukanyaga mafuta tena.

Kilichohitajika ni shahidi ndani ya bomba la moshi, na kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilimpata katika kauri ya zirkonia, ambayo ikipata moto wa kutosha, nyuzi 300 na zaidi, huruhusu chembe za oksijeni zenye umeme kupita ndani yake. Upande mmoja wa kauri huguswa na moshi, wa pili huguswa na hewa ya nje. Tofauti ya oksijeni baina ya pande hizo huzaa umeme, karibu volti 0.9 moshi unapokosa oksijeni, na karibu volti 0.1 oksijeni inapozidi. Gari la kwanza kuuzwa na sensa hiyo lilikuwa Volvo, kwa soko la Marekani, mwaka 1976. Na hapa pana jambo linipendezalo kupita yote katika habari hii: sensa ile haisemi mchanganyiko umepotoka kwa kiasi gani, husema tu umepotoka upande gani, maana umeme wake huruka ghafla penye mizani, na kwingineko kote hubaki karibu palepale. Kompyuta ya injini, ipimayo mafuta kwa kupewa habari pungufu kama hiyo, haiwezi kutulia katikati. Hupunguza mafuta kidogo kidogo mpaka sensa iseme hewa imezidi, kisha huyaongeza kidogo kidogo mpaka iseme mafuta yamezidi, huku na huku bila kuchoka maadamu injini inawaka. Na kama jahazi linalobisha dhidi ya upepo, ambalo halielekezi omo yake hata mara moja mahali liendako na hata hivyo hufika, wastani wa mapotovu hayo yote ndio njia iliyonyooka. Wanakemia nao wakatia oksidi ya siriamu katika masega, yenye tabia ya kuweka oksijeni inapozidi na kuitoa inapopungua, hivyo mapotovu ya kompyuta husawazishwa kabla hayajatoka nje.

Suluhu hiyo ilikuwa njema kwa mapafu, lakini kwa mfuko ilikuwa kifungo: injini ilifungwa katika 14.7, na uchumi wa hewa nyingi ukakatazwa. Honda ilikuwa imejaribu njia nyingine mapema. Injini yake ya CVCC, iliyouzwa Marekani katika Civic ya mwaka 1975, iliwasha mchanganyiko mzito, yaani wenye mafuta mengi, katika chumba kidogo cha pembeni, moto huo ukauwasha mchanganyiko mwepesi wa chumba kikubwa, na gari likafaulu mtihani wa wakati ule bila kichocheo. Sheria zilipoendelea kukaza kiwango cha oksidi za naitrojeni, njia hiyo peke yake haikutosha. Hata hivyo Wajapani hawakuliacha shauri. Mwaka 1994 Toyota ilianza kuuza nchini mwake gari lenye masega ya namna mpya, na mwaka 1996 Mitsubishi ikatoa injini yake ya GDI, inyunyiziayo petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na iwezayo kuwaka, gari likiwa katika mwendo mpole, kwa hewa hata 40 kwa mafuta 1. Toyota nayo ikaleta D-4 yake mwaka huohuo. Wasomaji wangu wa Nairobi, Arusha na Dar es Salaam wanayajua majina hayo, kwa kuwa magari hayo yalifika kwetu yakiwa yamekwisha tumika Japani, na mafundi wengi wakayaogopa.

Hayo masega mapya ya Toyota yanastahili kuelezwa kwa kituo, kwani humo imo akili nyingi. Karibu na platinamu huwekwa bariamu. Moshi wenye oksijeni nyingi unapopita, platinamu huziongezea oksidi za naitrojeni oksijeni nyingine, na bariamu huzishika na kuziweka kwa namna ya chumvi iitwayo naitreti. Ghala hilo hujaa. Kabla halijafurika, kompyuta huiamuru injini iwake, kwa muda wa sekunde chache tu, kwa mafuta mengi kuliko hewa. Oksijeni huru hutoweka katika bomba, kaboni monoksidi na hidrokaboni humiminika, chumvi ile huvunjika, na oksidi zilizofunguliwa hunyang'anywa oksijeni yake zikawa naitrojeni tupu, ileile iliyoingia kutoka nje. Kisha injini hurudia uchumi wake kwa dakika moja hivi, na duru huanza upya.

Kusema hivyo ni rahisi. Kutenda kumewakesheza wahandisi wengi. Kompyuta haiwezi kulifungua ghala ikatazama, hapana budi ilikadirie: kwa kasi ya injini, mzigo wake, joto lake na majira ya cheche, hukisia ni kiasi gani cha oksidi kimezaliwa, ni kiasi gani kimeshikwa, ikajumlisha hesabu hiyo mfululizo hata ifike kikomo ilichowekewa. Makisio hayo hupotoka kadiri masega yanavyozeeka, kwa hiyo lazima yasahihishwe, na namna ya kuyasahihisha ni ya kupendeza. Wakati wa kusafisha ghala, sensa iliyo nyuma ya masega huangaliwa. Maadamu ndani bado kuna oksidi za kuvunjwa, mafuta ya ziada huliwa humo, na moshi utokao nyuma hubaki katika mizani, ila mara zinapokwisha, moshi huo hugeuka ghafla ukawa mzito, yaani wenye mafuta ya ziada. Kugeuka huko kwaiambia kompyuta kwamba kazi imetimia, na muda uliopita kabla yake huiambia ni kiasi gani kilikuwamo, hata duru ijayo ikahesabiwa kwa uhakika zaidi. Mashine hujifunza uzee wa viungo vyake yenyewe.

Tena dereva asijue. Mafuta yakiongezwa ghafla, nguvu huongezeka, na gari lingeruka mbele kila dakika mpaka abiria akashika kichwa. Basi papo hapo mlango wa hewa hufungwa kiasi, na cheche hucheleweshwa, ili nguvu inayofika magurudumuni iwe ileile. Joto nalo lina amri yake. Bariamu hushika vema baina ya nyuzi 250 na 450 hivi. Chini ya hapo platinamu haijaamka, juu yake chumvi huvunjika zenyewe pasipo kuitwa, na kwa sababu hiyo gari likienda kasi katika barabara kuu hulazimika kuacha hewa nyingi na kurudi katika 14.7. Lililo zito kupita yote, kila usafishaji hutumia mafuta, yaleyale yaliyookolewa na hewa nyingi. Ukisafisha mara nyingi, uchumi hutoweka. Ukisafisha kwa nadra, sumu hutoka. Msomaji na aikumbuke mizani hiyo, kwani baadaye tutaona jinsi wanadamu walivyojaribiwa nayo.

Adui mkubwa wa ghala hilo ni salfa. Bariamu huishika salfa kwa nguvu kuliko inavyoshika oksidi za naitrojeni, na chumvi yake haivunjwi na sekunde chache za mafuta mengi. Hapana budi masega yapashwe hadi nyuzi 600 na zaidi, moshi ukiwa mzito, kwa muda wa dakika kadhaa, jambo ambalo hula mafuta na kuyazeesha madini. Penye petroli chafu, hata kompyuta yenye akili kuliko zote hushindwa, maana ghala lake huwa limejaa kitu kisichotoka. Ndiyo sababu Ulaya ilishusha salfa hadi sehemu 50 katika milioni mwaka 2005, na hadi sehemu 10 mwaka 2009. Kwetu, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka kiwango cha sehemu 50 kwa dizeli kuanzia Januari 2015, baada ya kiwanda cha kale cha kusafishia mafuta cha Mombasa, ambacho hakikuwa na mitambo ya kufikia kiwango hicho, kusimamisha kazi mwaka 2013. Nalihesabu tendo hilo la kushusha salfa kuwa miongoni mwa mambo mema sana waliyofanyiwa watu wa miji yetu katika karne hii, na hasikiki mtu akilisifu. Lakini kiwango cha bandarini si kiwango cha pampu. Mwenye kituo achanganyaye mafuta ya taa katika dizeli, ambaye kwa ajili yake Tanzania ilianza mwaka 2010 kutia vinasaba katika mafuta, hawaibii wanunuzi na serikali peke yao. Anaweza pia kurudisha salfa ileile iliyotolewa kwa gharama kubwa, katika gari la mtu aliyelipa kwa uaminifu.

Dizeli, ambayo kwa asili yake huwaka katika hewa nyingi, imechukua njia zake. Masizi yake hunaswa na chujio la kauri, ambalo Peugeot ilikuwa ya kwanza kuliuza katika gari lake la 607 mwaka 2000. Sensa hupima shinikizo mbele na nyuma ya chujio, na linapoziba kompyuta hunyunyiza dizeli ya ziada ili moshi upate joto, masizi yakateketea. Dereva ambaye safari zake zote ni za mwendo mfupi, nyumbani na sokoni, huikatiza kompyuta katikati ya kazi hiyo kila mara, na chujio huziba. Safari moja ndefu ya barabara kuu humfaa zaidi kuliko fundi. Kwa oksidi za naitrojeni, magari mengi ya siku hizi hutumia urea, ileile ambayo wakulima wetu huijua kwa mbolea, ikiyeyushwa katika maji safi kwa kipimo cha asilimia 32.5 na kuwekwa katika tangi lake. Ikinyunyiziwa katika bomba lenye moto hugeuka kuwa amonia, na amonia, tofauti na kaboni monoksidi, ina tabia adimu ya kuzitafuta oksidi za naitrojeni hata oksijeni huru ikiwapo. Kompyuta hapo ina kazi ya kupima. Urea ikipungua, sumu hupita. Ikizidi, amonia yenyewe hutoka nje na harufu yake ikaudhi njia nzima. Na bomba likiwa chini ya nyuzi 200 hivi, haifai kunyunyizia kabisa, maana urea hugandamana njiani.

Tangi hilo humalizika, na mteja hapendi kulijaza. Masega ya bariamu nayo hula mafuta, na chujio huchoka kwa moshi mzito. Mbele ya mambo hayo Volkswagen ilifanya uamuzi ambao sina neno la kuulainisha. Watafiti wa West Virginia University walifunga mitambo ya kupimia moshi katika magari matatu ya dizeli, wakayaendesha katika barabara za California, na moja wakalifikisha mpaka Seattle. Ripoti yao ya mwaka 2014 ilionyesha kuwa magari mawili ya Volkswagen, moja lenye ghala la bariamu na moja lenye urea, yalitoa barabarani oksidi nyingi kupita kiasi kilichoruhusiwa, ilhali katika chumba cha mtihani yalikuwa safi. Tarehe 18 Septemba 2015 serikali ya Marekani ilitangaza sababu. Programu ya injini ilitazama namna usukani unavyokaa, mwendo, muda ambao injini imewaka na shinikizo la hewa, ikatambua kwamba gari linapimwa, na hapo ndipo ilipousimamia moshi kwa uaminifu. Mtihani ukiisha, iliulegeza usimamizi huo, na oksidi za naitrojeni zikapanda hadi mara 40 ya kiwango. Magari yaliyokuwa na programu hiyo duniani yalikuwa takriban milioni 11. Mwaka 2017 kampuni ilikiri makosa mbele ya mahakama ya Marekani na kukubali kulipa dola bilioni 4.3 za adhabu, na mwaka huohuo Ulaya ikaanza kuyapima magari mapya barabarani, pamoja na mtihani wa chumbani. Hapakuwa na upungufu wa elimu katika jambo hili. Wale waliotunga hila hiyo walijua hasa namna ya kuusafisha moshi, maana waliusafisha kila mara walipotazamwa, na watu waliovuta hewa ya barabarani ndio waliolipa uchumi wa urea.

Siku hizi uchumi wa petroli umehamia zaidi katika magari yenye injini na mota ya umeme pamoja, kama Prius, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, na Aqua, ambazo huonekana katika barabara zetu kila uchao. Injini yake hubaki katika 14.7, kwa hiyo masega ya namna ya kawaida hutosha, lakini tadbiri nyingine imezuka. Gari likisimama katika foleni injini huzimika, masega hupoa, na masega yaliyo chini ya nyuzi 250 au 300 ni kauri tu. Kwa hiyo mara nyingine kompyuta huiwasha injini ingawa betri ina umeme wa kutosha, na mwenye gari asiyejua hudhani mashine imepotewa na akili, kumbe inalinda joto la masega. Tena injini inapozunguka bila mafuta husukuma hewa tupu katika bomba, siriamu ikashiba oksijeni, na injini ikiwashwa katika hali hiyo oksidi za naitrojeni hazina wa kuzivua. Basi mwanzo wa kila uwasho hutiwa mafuta kidogo zaidi, kwa kipimo, ili oksijeni hiyo iondolewe kwanza, kisha mizani ikashikwa.

Haya yote hukatwa kwa msumeno katika gereji. Madini ya masega yana thamani, wanunuzi wake wapo, na mwenye gari huambiwa kuwa masega yameziba, kwamba yakiondolewa gari litakuwa jepesi na litabana mafuta. Pengine ni kweli yameziba, lakini masega hayazibi yenyewe. Aghalabu plagi au koili imekufa, petroli isiyoungua ikafika katika masega na kuungulia humo mpaka kauri ikayeyuka, ama injini inakula oili, na majivu ya oili yakayafunika. Fundi anayeyakata masega huondoa kiungo kilichodhurika na kumwachia mteja ugonjwa uliokidhuru. Baada ya kukata, taa ya injini huwaka kwa msimbo wa hitilafu P0420, kwa sababu sensa ya nyuma, ambayo mbele ya masega mazima hutulia, sasa huyumba sawasawa na ya mbele. Ndipo huchukuliwa kipande cha bomba chembamba, sensa ya nyuma ikasogezwa nje ya mkondo wa moshi ili iyumbe polepole, na kompyuta ikaamini kwamba masega yapo. Hila hiyo ni sawa na ile ya Volkswagen iliyofichuliwa mwaka 2015, ingawa mwenye kuifanya ana ufunguo mikononi badala ya shahada, na mteja wake mara nyingi hakuulizwa.

Kwa hiyo ukaguzi wa magari ukitegemea taa ya injini na mashine ya kusomea misimbo, utawapitisha wadanganyifu pamoja na waaminifu. Mkaguzi hana budi kutia kipimo katika ncha ya bomba, injini ikiwa imepata moto kamili na imezungushwa kwa kasi ya wastani kwa dakika chache, akasoma kaboni monoksidi, hidrokaboni na oksijeni ya moshi wenyewe, kisha akainama kutazama kama masega yapo. Na gari lenye chujio la masizi au tangi la urea lipimwe vilevile, kwa kuwa hayo nayo yamekwisha anza kuingia bandarini katika magari na malori yaliyotumika, na msumeno uliozoea masega utayafikia.